Mwewe, Vifaranga na Deni la Chama

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama huko Baraka. Msemaji ni animateri wa ufugaji anayefanya kazi na vikundi vyetu vya kando ya ziwa. Tumeyaacha jinsi alivyoyasema, tumepunguza tu yale yaliyorudiwa.



Niliombwa nizungumze juu ya mwewe. Katibu alipotangaza, wengine walicheka, na mimi nilicheka. Mtu anaenda universite miaka mitano, kisha anarudi nyumbani kufundisha wazee namna ya kufukuza mwewe! Wazee wanaopiga debe na kupiga kelele tangu mimi sijazaliwa. Lakini katika mkutano huu tuko na orodha ya watu wenye deni la kuku, na karibu wote waliojibu barua ya kamati wameandika neno moja: mwewe. Kamati nayo inauliza, mwewe gani huyo asiyeshiba? Kwa wengine mwewe amekuwa kisingizio, kwa wengine ni ukweli unaouma, na sisi hatujui kutenganisha. Njo maana nimesimama.

Kwa wale wasiojua utaratibu wetu nieleze kwa ufupi. Mwanachama aliyerudi kutoka Tanzania anapewa mitetea 3. Jogoo wanatumia pamoja na jirani. Mwaka ukiisha, anatoa mitetea 3 kwa mwenzake anayefuata kwenye orodha, na huyo vilevile kwa mwingine. Kuku wanatembea kutoka nyumba hata nyumba. Mmoja akishindwa kutoa, si yeye tu anayekosa. Nyuma yake kuna mtu ameshajenga banda na anangoja.

Sasa nitasema habari ya mama mmoja mjane, wa kijiji kimoja kando ya ziwa. Jina lake nimeliacha, ingawa amenipa ruhusa. Kuku wake aliangua vifaranga 11. Siku ya kumi walikuwa 4. Kuku wa pili akaangua 9, wakabaki 2. Kamati ya kijiji ikamwita. Mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba ameuza, na mwingine akasema amekula. Yule mama akajibu: "Kifaranga wa juma moja unamula namna gani? Hata mufupa hana." Watu wakacheka, lakini jina lake likaandikwa kwenye orodha, na toka siku ile hakuja tena kwenye akiba ya Jumatano. Mutu aliyevuka ziwa mara mbili, mara ya kwanza 1996 na mtoto mgongoni, anaitwa mwizi kwa sababu ya vifaranga.

Nilikwenda kukaa kwake asubuhi tatu, chini ya mwembe wa jirani, na kaye na kalamu. Asubuhi ya kwanza sikuona kitu. Asubuhi ya pili, karibu saa tatu, mama kuku akatoka na watoto wake kuelekea kule wanakoanika ndagala, maana pale kuna mabaki na funza. Kutoka mlangoni hadi pale ni hatua thelathini hivi za udongo mtupu. Mwewe walikuwa juu tayari, watatu au wanne, kwa ajili ya ndagala wenyewe. Mmoja akashuka bila haraka, kama mtu anayeokota kitu chake, akachukua kifaranga na kuondoka. Mama kuku aliruka, alichelewa. Asubuhi ya tatu yakawa yaleyale.

Nikaandika siku, saa, na nilichoona. Halafu nikatazama ule uwanja, na hapo nikaona aibu. Ulikuwa mweupe, umefagiwa, hakuna jani wala kichaka toka ukuta hadi njia. Munajua kwa nini? Kwa sababu sisi tulipita. Mradi wetu wa usafi, na mimi nikiwa mmoja wa waliopita na kipaza sauti, ulisema: fyekeni kuzunguka nyumba, nyoka waondoke, mbu waondoke. Tulitoa zawadi kwa viwanja vilivyo safi kuliko vingine. Yule mama alikuwa ameshinda. Alipata sabuni. Tulimpa sabuni kwa kuondoa kila mahali ambapo kifaranga angeweza kujificha, kisha tukampa kuku, kisha tukamwandikia deni.

Sisemi turudishe majani hadi mlangoni. Nyoka ni nyoka. Nasema tulitoa mafundisho mawili, kila moja na siku yake, bila kuyakutanisha.

Wale waliokulia kambini kama mimi, mimi nilikulia Lugufu, wanakumbuka kwamba kule nyumba zilibanana. Kuku alikuwa akipita kati ya ukuta na ukuta, chini ya paa za majani, chini ya kamba za nguo, na jioni analala ndani pamoja nasi. Watoto walikuwa kila mahali. Mwewe alikuwepo, lakini alikuwa na kazi ngumu. Tumerudi huku, kila mtu amejenga katikati ya kiwanja chake, peke yake, watoto wako shuleni na mama yuko shambani hadi saa nane. Ufugaji tumeuhamisha jinsi ulivyokuwa kambini, lakini kambi hatukuihamisha.

Tumjue basi huyu ndege, maana tunawaita wote mwewe. Mwewe mwenyewe ni yule mwenye mkia wa panda, anayezunguka juu polepole. Anapenda mabaki ya samaki, anapenda moto wa msituni kwa sababu panzi na panya wanakimbia mbele yake. Mukichoma mashamba wakati wa kiangazi munamwita. Mabawa yake yakifunguliwa yanakaribia mita 1 na nusu, lakini uzito wake haufiki kilo. Kwa hiyo hawezi kubeba kuku mzima. Mtu akija kwenye kamati kusema mwewe amechukua mtetea anayetaga, muulizeni tena kwa upole. Kuku mzima akipotea mchana bila hata unyoya mmoja chini, huenda huyo aliyemchukua ana miguu na ana jina.

Wa pili ni kipanga. Huyu hazunguki. Anakaa kimya ndani ya mti, hasa karibu na msitu na mito, halafu anatoka kama jiwe lililorushwa. Anaweza kumuua hata kuku aliyekua kidogo, na mara nyingi anamnyonyoa palepale. Utakuta manyoya yametapakaa mahali pamoja. Wa tatu ni kunguru, mwizi wa mayai na wa vifaranga wa siku mbili tatu, tena yeye anajua hata saa unayotoka kwenda shamba.

Na kuna mmoja ninayemtetea. Yule mkubwa, mweupe mwenye weusi kwenye mabawa, anayekaa kwenye miti ya ngazi, ile tuliyoiita michikichi kule Kigoma. Vijana wanampiga manati kila siku. Chakula chake kikubwa ni ngazi zenyewe. Kifaranga anaweza kumchukua mara mojamoja, lakini yeye anakula mawese kama sisi. Mwacheni. Bundi pia mwacheni, najua maneno yanayosemwa juu yake. Kazi yake usiku ni panya, na panya ndiye anayeingia kwenye banda kula vifaranga wakiwa wamelala.

Maana mnyama wa usiku si mwewe. Ukiamka ukakuta kuku kadhaa wameuawa pamoja na hawakuliwa, ni fungo, kanu au paka wa pori. Nguchiro anakuja mchana, naye haonekani kwa urahisi. Dawa ya hao ni mlango unaofungwa vizuri. Nisiingie huko leo.

Turudi kwa yule mama. Tulifanya mambo machache, na hakuna lililonunuliwa kwa pesa nyingi.

La kwanza ni tenga. Muzee mmoja msukaji alitusukia tenga la matete, upana wake mita 1, kimo kinafika gotini na kuzidi kidogo. Mama kuku na vifaranga wake walikaa ndani majuma manne ya kwanza. Siku za mwanzo mchana wote. Toka juma la tatu wanafunguliwa alasiri, mama akiwa amerudi shamba. Tenga linahamishwa kila siku, hatua mbili tu, ili wasikae juu ya mavi yao, maana hapo ndipo kuhara damu kunapoanzia. Usiku halibaki nje. Nasema kwa nguvu: halibaki nje. Jirani mmoja aliliacha nje, siafu wakapita. Asubuhi kifaranga hakubaki hata mmoja, na mama kuku alikuwa amepofuka jicho. Mwewe angechukua mmoja akaacha wengine, siafu hawaachi. Tenga linaingia ndani, na majivu yanamwagwa kulizunguka.

La pili ni chakula, na hapa ndipo wengi wanakataa tenga. Wanasema: nikimufunga, nitamulisha nini? Wana haki. Kuku wa kutembea anajitafutia, ukimfunga umejipa mzigo. Lakini kifaranga anakula kidogo sana. Tulitumia pumba za mahindi, vumbi la ndagala wasio na chumvi (chumvi inaua vifaranga), na mchwa. Mchwa tunao bure. Chukua chungu kilichopasuka, kijaze mabua makavu na samadi, nyunyizia maji, kigeuze mdomo chini juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi ukiinua, chakula kiko. Watoto wa yule mama waliichukua kuwa mchezo, wanashindana chungu cha nani kimejaa. Na maji yawe kwenye kifuniko kifupi, si bakuli, vifaranga wanazama.

La tatu ni mahali pa kujificha, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Tulichukua vijiti vinne vifupi, tukavifunga kama meza ndogo, kimo kama mkono toka kiwiko hadi vidole, juu tukaweka majani ya mngazi. Meza tatu kama hizo, moja kila baada ya hatua kumi, toka mlango hadi penye ndagala. Kando ya njia akapanda mihogo kwa kubananisha. Uwanja bado unafagiwa, mtu wa usafi akipita hana la kusema. Lakini sasa kifaranga hayuko mbali na kivuli hata mara moja. Siku ya pili tu tuliona jogoo akilia, na wote wakaingia chini ya meza kama watu waliosikia mvua.

Nimetaja jogoo. Msikilizeni vizuri. Ana kilio kimoja kwa kitu kinachotoka juu na kilio kingine kwa kitu kinachotembea chini, na kuku wanajua tofauti: kwa cha juu wanainama au wanakimbilia kivuli, kwa cha chini wanasimama na kutazama. Ukiuza jogoo pekee wa majirani wote kwa ajili ya sikukuu, umeuza mlinzi. Nasema hivi nikijua kwamba jogoo ndiye mwenye bei, na kwamba mtoto wa sekondari hangoji. Basi angalau kubalianeni, majirani wanne watano, asiuzwe kabla mwingine hajakua.

Kamba nazo zinasaidia kwa mwewe. Nyavu kuukuu za ndagala zikitandazwa juu ya ua mdogo ni bora kuliko kamba. Lakini siyo ile mustikeri ya mtoto, tafadhali. Ile ni ya mbu. Kipanga hajali kamba, anapita kati. Makopo na vipande vya kung'aa vinatisha siku chache, kisha ndege anazoea, lazima uvihamishe. Mama mmoja alipaka vifaranga rangi ya zambarau, ile dawa ya vidonda. Juma moja mwewe hakuja, kijiji kizima kikamsifu. Juma la pili akaja.

Sasa neno la sumu. Katika kijiji kingine kijana alitia dawa ya wadudu wa mboga kwenye ndagala, akawaweka juu ya paa ili mwewe ale afe. Upepo ukawaangusha. Bata wa jirani walikufa watatu, na mbwa mdogo. Na mtoto, mtoto wa miaka minne hivi, aliokota mmoja, akawa anaupeleka mdomoni, nyanya yake akampiga mkono. Alikuwa karibu, bahati. Angekuwa kisimani, leo nisingekuwa nazungumza juu ya kuku. Mwewe hakufa. Yule kijana si mtu mbaya; naye alikuwa kwenye orodha ya deni, na kamati ilikuwa imempa siku kumi na tano. Naomba mtazame hilo: tulimsukuma, akatafuta njia ya mkato. Mwenye dawa ya namna hiyo nyumbani kwa ajili ya kuku, aniletee baada ya mkutano, sitauliza kitu.

Matokeo ya yule mama. Uangaji uliofuata, vifaranga 10. Mmoja alikufa kwa ubaridi, mmoja mwewe alimchukua hata hivyo, juma la sita, kwenye njia. Wanane walifika miezi miwili. Kifaranga akifika hapo amekuwa mzito, ana mabawa, na anajua kukimbia. Mwewe anamwacha. Mwezi uliopita ametoa mitetea 3 kwa mwenzake. Jumatano amerudi kwenye akiba, anakaa mahali pake pa zamani.

Si kila kitu ni mwewe, lazima niseme. Kideri kikiingia kijijini kinafagia kuku wakubwa na wadogo kwa siku chache, na hakuna tenga wala meza itakayokizuia. Pale ni tone la chanjo kwenye jicho, kwa wakati wake, kuku wote wa kijiji pamoja. Na kifaranga mgonjwa ndiye anayebaki nyuma, ndiye anayechukuliwa kwanza. Nyumba ambayo mwewe anarudi kila siku, mara nyingi ni nyumba ambayo vifaranga wana minyoo au njaa.

Nina maombi matatu kwa mkutano huu.

Kanuni yetu inahesabu vifaranga siku wanapoanguliwa. Mtu akiangua 11, kaye inaandika 11, na toka hapo kila anayepungua ni mashaka juu yake. Naomba tuhesabu wakifika majuma manane. Kabla ya hapo hakuna deni, kuna uangalizi. Na akipotea kifaranga, mwenyewe amwite jirani siku ileile, waandike saa na walichokuta: manyoya, damu, au hakuna. Kwa miezi michache tu tutaanza kuona wapi ni mwewe, wapi ni panya, na wapi ni mutu.

La pili, wale walioandikwa kwenye orodha kwa neno la mwewe, orodha ile isisomwe leo mbele ya watu. Twende kwanza kutazama viwanja vyao. Niko tayari kwenda na wajumbe wawili wa kamati, nyumba kwa nyumba, toka Jumatatu.

La tatu ni kwenu wafadhili, nami nasema kwa heshima kwa sababu mshahara wangu pia unatoka huko. Kila miezi mitatu fomu inatuuliza: kuku wangapi wamegawiwa? Tunajaza namba, namba ni nzuri. Hakuna mstari unaouliza vifaranga wangapi wamefika miezi miwili. Pesa iliyopangwa kununua kuku wengine mwaka huu, naomba sehemu yake iwalipe wazee wasukaji wa hapahapa, kila mwanachama apate tenga kabla ya kupata kuku. Mzee asiyeweza tena kulima bado anaweza kusuka. Wengine wao wamo kwenye orodha ile ile ya deni, na wangelipa kwa kazi ya mikono yao.

Muzee mmoja ananyosha mkono toka mwanzo... Anauliza: je, tenga likikosa matete? Vipande vya bambu vinafaa, na fito za miti yoyote nyembamba, mradi nafasi kati ya fito iwe ndogo, kifaranga wa siku moja asitoke. Kila kitu kitaonyeshwa Alhamisi saa mbili asubuhi hapa kwenye hangari ya chama. Mje na kisu na kamba. Mwenye kuku aliyelala juu ya mayai atuambie ni siku ya ngapi, maana kuku wawili au watatu wakiangua pamoja siku ya 21, vifaranga wote wanaweza kupewa mama mmoja kwenye tenga moja, na wale wengine wanarudi kutaga mapema.